Nisindikize Nusu ya Njia

Mkate ndio chanzo. Mkate na kibiriti, vitu ambavyo mtu hutoka kununua na kandambili mguuni huku sufuria ikiwa jikoni. Ungetosha ule mkate wa asubuhi, leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine, ya harusi labda. Lakini haukutosha, na jua lilikuwa linashuka.

Nyumba nzima ile walimwita Shangazi. Mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, mtoto wa kaka yake, Fundi Lifti, ambaye alimlea tangu anang'oka meno ya utoto. Mkewe Fundi, aliyekuwa nesi na wote wakamwita Nesi, akalidaka jina hilo. Binti yao mdogo, ambaye kwa haki angesema Bibi, naye akasema Shangazi, na ukimsahihisha anakutolea macho: "Kwani yeye si Shangazi?" Huyo walimpa jina la Pilipili, na hawakukosea.

Shangazi alikuwa fundi cherehani huko kwao. Alifunga kibanda chake akaja mjini kumtazama Pilipili, maana shule ya watoto ilikuwa imefungwa na wazazi wote wawili wana kazi. Nesi anaingia zamu hospitalini. Fundi kutwa yumo ndani ya mashimo ya majengo marefu, ananing'inia na nyaya zake, akitengeneza lifti za watu. Wao wenyewe waliishi ghorofa ya nne, na jengo lao halina lifti. Mganga hajigangi.

Siku ya kwanza tu Fundi alimkalisha kwenye kochi akamsomea masharti, ungedhani mama wa watu ametoka kupasuliwa. Mkoba ubebe mbele, Shangazi, usiuache upande wa barabara. Simu usiitoe njiani. Ikilia, iache ilie. Ukipotea usimuulize mtu aliyesimama tu hana shughuli, ingia dukani uulize. Usimwambie mtu kwamba wewe mgeni. Atakayetaka kukubebea mzigo mwambie asante, halafu ushike kwa mikono miwili. Giza likukute ndani.

"Na mkono wa mtoto usiuachie. Hata kidogo."

"Wewe nilikulea na miguu yako ile ya mbuzi," Shangazi akamjibu, "na sikukupoteza hata siku moja."

"Kule si huku, Shangazi."

Ilimchoma, lakini hakumlaumu. Alijua kwa nini anasema vile. Nesi alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Pilipili. Halikuzungumzwa, ila kila aliporudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, Nesi alienda kwanza kumgusa mtoto kichwani. Shangazi alipoona hivyo mara ya kwanza aliingia chooni akalia kidogo. Akajiapiza kwamba Pilipili hatapata hata mchubuko mikononi mwake.

Basi jioni hiyo wakatoka. Duka la chini lilikuwa limefungwa, mwenyewe kaenda msibani. Wakaenda la mtaa wa nyuma, mkoba mbele, mkono wa mtoto mkononi, wakapata mkate na kibiriti. Kurudi sasa. Njia waliyokuja nayo mafundi wa mabomba walikuwa wameshaichimba mtaro, wakafunga utepe, wakaondoka zao.

Wakazunguka. Na majengo ya huko, ndugu zangu, yote baba mmoja mama mmoja. Rangi ile ile, madirisha yale yale, hata shuka zilizoanikwa ungedhani ni za mtu mmoja. Shangazi akapinda hapa, akapinda pale. Watu barabarani wakawa wanapungua.

"Tumepotea," akasema Pilipili, kwa furaha kabisa.

"Hatujapotea. Tunatembea."

Akaingia duka la madaftari, kijana anashusha mlango. "Nyoosha, kata kulia, utaona," kijana akasema.

"Nitaona nini?"

"Utaona tu."

Haya. Akanyoosha, akakata kulia, akaona ukuta. Mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

"Umepita hapa mara mbili, mama."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ya chini, ya upole.

Akageuka. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mikono mitupu, anatembea kama mtu anayekwenda zake. Shangazi alitazama nguo kabla ya uso, ndivyo walivyo washonaji. Gauni refu, rangi ya majivu, kitambaa kizuri ambacho hakukifahamu. Na harufu... harufu ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi.

"Wewe mgeni?"

"Mimi? Mgeni? Thubutu! Nakaa hapa miaka nenda miaka rudi."

"Basi twende, wenyeji wawili," yule mama akasema. Hakucheka.

Akatangulia. Hakuuliza jina. Hakuutazama mkoba. Hakutaka kubeba hata mkate. Shangazi akayapitia masharti ya Fundi kichwani, moja moja, akaona hajavunja hata moja. Wakapita uchochoro, wakapita nyuma ya maghala, wakakata mara mbili... na geti la kijani hilo hapo! Jengo lao. Dirisha lao la ghorofa ya nne na pazia aliloshona mwenyewe.

Alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Kisha likamjia wazo lililomsimamisha nywele.

Hakuwa amemwambia wanakaa jengo gani.

"Asante, mama. Mungu akulipe," akasema haraka. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, sweta lake limewekwa juu yake.

Yule mama hakuondoka.

"Nimekusindikiza," akasema taratibu. "Na mimi nisindikize basi. Nusu ya njia tu. Hadi kwenye taa ile."

Hapa nataka mnielewe, msije mkamwita mjinga. Shangazi amekulia mahali ambapo mtu akikufikisha nyumbani humgeuzii kisogo mlangoni utadhani unafukuza kuku. Unamrudisha kidogo. Naye akikuonea huruma anakurudisha wewe, na marafiki wawili wanaweza kurudishana hivyo hadi maneno yawaishie. Alimfundisha hivyo hivyo Fundi alipokuwa mdogo, na siku alipokaidi alimfinya sikio. Sasa mtu kamtoa kwenye kupotea, na taa yenyewe ile pale, unaiona. Utakataaje?

Angemwacha Pilipili getini, lakini mlinzi hayupo, na mkono haachii. Wakaenda watatu.

Chini ya taa Shangazi akasema, "Haya mama, kwaheri."

"Kwaheri ya nini? Nikuache urudi peke yako na mtoto, giza hili? Ngoja nikurudishe."

Wakarudi. Shangazi hata alicheka kidogo, akamkumbuka rafiki yake mmoja wa zamani. Wakafika getini. Kiti bado kitupu.

"Sasa na mimi," yule mama akasema.

"Ah, mama... si tumeshasindikizana?"

"Hadi kwenye taa tu."

Shangazi akageuka kuitazama. Ile taa ilikuwa imezimika.

"Ile inayofuata," yule mama akamnong'oneza.

Miguu ya Shangazi ilikwenda kabla hajaamua. Baadaye alishindwa kueleza kwa nini. Heshima nayo ni kamba, ukishafungwa unavutwa. Wakapita chini ya taa iliyokufa, wakaifikia ya pili, na pale kwenye mwanga akamtazama mwenzake vizuri, jicho la kazi, bila kutaka. Akautafuta mshono wa begani. Hakuuona. Akatafuta ubavuni. Hakuna. Akatazama pindo, akatazama kola, akatazama mahali mkono unapounganishwa na kwapa.

Hakuna.

Gauni lile halikushonwa. Lilikuwa limemwota mwilini.

Akasikiliza. Kandambili za Pilipili, chapa... chapa... Zake mwenyewe, chapa... chapa... Za tatu hazikuwepo. Na Pilipili alikuwa kimya. Pilipili! Mtoto ambaye hata usingizini anabishana. Taa ya pili ikafanya *tsss*, ikazima nyuma yao, na tayari walikuwa wanaiendea ya tatu, na mtaa huo Shangazi hakuwahi kuuona.

"Shangazi," mtoto akanong'ona. "Anasema wewe umechoka. Anasema nimsindikize mimi."

"Nani anasema? Sijasikia mtu."

"Anasema sasa hivi."

Midomo ya yule mama haikuwa imefunguka.

Ndipo Shangazi akatazama chini. Mkono mmoja wa Pilipili ulikuwa mkononi mwake. Wa pili ulikuwa mkononi mwa yule mama.

Aliogopa. Niseme wazi, aliogopa sana. Akataka kupiga kelele, sauti ikatoka ya adabu ile ile aliyoizoea.

"Mama... kwani kwako ni wapi?"

Yule mama akasimama. Akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu waonane, na uso ule haukuwa wa kutisha, ndilo lililomuumiza Shangazi zaidi. Ulikuwa uso wa mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe swali hilo.

"Utanifikisha?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. *Nitakufikisha, mama, usijali.* Maneno aliyowaambia watu maisha yake yote. Akafungua mdomo... na mkono wa Pilipili ukavutika kwenda mbele.

Akavuta. Mkate ukaanguka. Akavuta kwa mikono miwili, mtoto katikati akilia sasa, na Shangazi, ambaye hata mbuzi wa jirani hakuwahi kumtukana, akapasuka:

"Niachie mtoto, mshenzi wewe! Nenda kwenu peke yako!"

Mkono ukaachia.

Alimbeba Pilipili kiunoni akakimbia. Gizani, chini ya taa zilizozimika, kandambili moja ya mtoto ikabaki huko, mkoba unampiga tumboni. Hakuaga. Hakugeuka. Alingoja kusikia kelele nyuma yake, au miguu, au kicheko, maana ndivyo hadithi zinavyosema.

Alisikia mtu analia. Kidogo kidogo, kama mtu aliyeachwa njiani.

Getini mlinzi alikuwa amerudi, anavaa sweta lake. Akamtazama Shangazi, akamtazama mtoto, kisha akazitazama taa. Hakuuliza ni nani.

"Mlifika taa ya ngapi?"

"Ya tatu... hatukuifikia."

"Afadhali." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mimi nimeambiwa na mlinzi aliyenitangulia. Zamani hapa palikuwa na nyumba za chini. Mama mmoja alitoka jioni kumsindikiza mgeni wake. Mgeni akapata usafiri mbele huko, akapanda, akamwacha palepale. Wengine wanasema gari lilimgonga wakati anarudi. Wengine wanasema alirudi akakuta mtaa unabomolewa, akazunguka hadi leo. Kila mtu ana lake. Anachotaka ni mtu wa kumfikisha kwake."

"Kwake wapi?"

"Hapo ndipo penye shida. Wapo waliomfikisha. Hawakurudi kutuambia."

"Na ukimkatalia?"

Mlinzi akafunga vifungo vya sweta, akakosea tundu, akaanza upya. "Hakasiriki," akasema. "Anajaribu kwa mwingine wa nyumba hiyo hiyo."

Usiku ule Shangazi alimwogesha Pilipili, akamlaza, akakaa kitandani ameushika mguu wake. Nesi aliporudi akamgusa mtoto kichwani. Shangazi akamweleza yote, hadi tusi. Nesi akamsikiliza kwa macho yale ya wodini, ya kumwitikia mgonjwa. "Ulichoka, Shangazi. Kesho mkate nitanunua mimi." Fundi alikuwa zamu ya mbali hadi asubuhi. Shangazi akasema akija nitamwambia mwenyewe, huyu ananijua. Fundi akaja, akalala hadi adhuhuri, akaondoka kwenda kazini tena wakati Shangazi anafua. Hivyo tu. Walipishana.

Jioni yake mlango ukafunguka, Fundi akatupa begi la vyuma ndani bila kuingia.

"Shangazi! Kuna mama chini, mstaarabu sana. Nilikuwa nashuka kituoni nasinzia, nusura niingie kwenye mtaro wa mabomba. Kanishika mkono, kanileta mpaka getini. Ngoja nimrudishe hapo kwenye taa."

"Usiende!"

Alipiga yowe hadi Pilipili akaangusha kikombe. Fundi akacheka, jasho la kazi bado usoni. "Shangazi, wewe leo ndiye wa kuniambia hivyo? Si ungening'oa sikio?"

Akashuka ngazi mbili mbili. Shangazi alimfuata hadi ghorofa ya pili, akasikia geti limeshafungwa.

Fundi alirudi chakula kikiwa bado cha moto. Akala, akasifu, akasema ni mama mpole tu, amefiwa nadhani. Shangazi akamweleza. Alisikiliza, akaacha kucheka, akasema sawa, sitakwenda tena. Na jioni ya pili akaenda. Alirudi chakula kimepoa. Ya tatu Nesi alikuwa ameshafunika sahani na kupanda kitandani, na aliposikia mlango alitoka mbio. Viatu vya Fundi vilikuwa na vumbi jeupe ambalo mtaa huo hauna. Harufu ya pasi ikajaa sebuleni.

"Ulikuwa wapi?" Nesi akamuuliza.

"Tulikuwa karibu kufika," akasema, akiutazama ukuta. "Bado kidogo."

Nesi akampima joto, akampima presha. Mzima kabisa. Akaketi sakafuni na kile kipimo mkononi, na hakumwambia tena Shangazi kwamba alichoka.

Kazini Fundi akaacha kwenda. Mchana analala, jioni anatafuta viatu. Pilipili alilivuta shati la baba yake, akampigia kelele, akamwuma hata mkono, na Fundi akampapasa kichwa kama mtoto wa jirani. Hilo Shangazi alilitazama akaona kwamba huyu akitoka leo harudi.

Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Fundi hakugombana. Alifunga kamba za viatu, akasimama mbele ya mlango, mikono pembeni, ametulia kama mtu anayengoja lifti.

"Fungua, Shangazi. Nimemwahidi. Leo namfikisha."

"Utamfikisha wapi, baba?"

"Kwake. Nimeshaona paa."

Shangazi alimtazama. Kovu la paji la uso, alilopata akiruka ukuta wa kibanda cha cherehani. Kucha zenye grisi. Alimlea kwa mikono hii, akamfundisha salamu, kupisha wakubwa, kumrudisha aliyekufikisha. Hakumfundisha siku gani aache. Uchungu ukampanda, na hasira, na nyuma ya vyote viwili kitu cha baridi kilichotulia, na akajua amekwisha kuamua.

"Nesi," akasema. "Njoo. Umshike, na ufunguo huu hapa: nikitoka, funga. Asitoke hata akilia. Hata akikwambia ni mimi ninayebisha."

"Shangazi, unakwenda wapi?" Nesi akauliza.

"Mtoto asisogee dirishani."

Alimbusu Pilipili, ambaye alimwuliza kama ataleta mkate. Akasema ndiyo. Akashuka ngazi pole pole, akishika ukuta. Getini mlinzi akainuka, akamfungulia geti.

Mama yule alikuwa chini ya taa ya kwanza, uso juu, analitazama dirisha la ghorofa ya nne.

Shangazi alisimama mbele yake.

"Nilikutukana, mama," akasema. "Nisamehe. Haikuwa adabu."

Shangazi akasogea hatua moja.

"Mwache kijana wangu. Ana mke, ana mtoto, kesho ana kazi. Nitakufikisha mimi. Si nusu. Mpaka mlangoni."

Yule mama akaendelea kulitazama dirisha, kwa muda mrefu sana. Kisha akashusha macho. Akaitikia kwa kichwa.

Juu huko, Nesi alisema baadaye, ndipo Fundi alipokaa chini pale mlangoni, akaanza kufungua kamba za viatu, akauliza kwa nini nyumba iko kimya hivi.

Wakaondoka wawili, bega kwa bega. Taa ya kwanza ikazima nyuma yao. Ya pili ikazima. Ya tatu. Shangazi hakugeuka. Walipoingia mtaa asioujua alisikia kitu, akatega sikio: kandambili mbili, chapa... chapa... na pembeni yake, kwa mara ya kwanza, miguu ya mtu mwingine, inaharakisha.

"Ni mbali, mama?" akauliza.

"Wala si mbali," yule mama akasema, na akamshika mkono. "Hapo tu."